Chuo Chenye Jina na Swali la "Una Mtu?"

Usiku wa pili baada ya vyuo kutangaza majina ya waliodahiliwa, mpwa wangu aliniandikia ujumbe ulioanza kwa shikamoo mbili, jambo ambalo hulifanya tu anapokuwa na shida isiyoweza kusubiri asubuhi. Alikuwa amechaguliwa na vyuo viwili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho kwetu huitwa Mlimani bila mtu kuuliza ni mlima gani, kilimpa nafasi ya kusoma Jiografia na masomo ya mazingira; chuo kingine cha mikoani, ambacho nikikitaja hapa wasomaji wengi watauliza kiko wapi, kilimpa nafasi ya kusoma uhasibu, ambao ndio aliokuwa akiutaka tangu kidato cha tatu. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hutumiwa namba maalumu kwenye simu na hutakiwa kuthibitisha chuo kimoja tu ndani ya siku chache, na siku zake zilikuwa zinayoyoma.

Mama yake, ambaye ni dada yangu mkubwa na ndiye aliyeuza mahindi ili mimi nisome, alikwisha kutoa hukumu kabla sijaulizwa: Mlimani ni Mlimani, na mtu mwenye akili haachi Mlimani kwa sababu ya somo. Baba yake alinyamaza, kama anavyonyamaza siku zote panapotajwa ada. Katika kundi la familia la WhatsApp ndugu walianza kutaja mawaziri, majaji na wakurugenzi waliopita Mlimani, mmoja akawajibu kwa kumtaja tajiri fulani ambaye shule aliiacha utotoni, na kuanzia hapo mazungumzo yakawa ya Simba na Yanga. Mimi nilitakiwa kuamua kwa sababu ni mkaguzi wa hesabu, na kwa sababu nilisoma katika chuo chenye jina. Nilimjibu mpwa wangu asubuhi yake, lakini jibu lile lilikuwa fupi kuliko fikra zilizolizaa, na hapa nataka kuziandika.

Nianze na ile orodha ya majina, kwa kuwa ndiyo hoja ambayo kila familia huikimbilia. Ni kweli kwamba Mwalimu Nyerere alipita Tabora, kisha Makerere kati ya 1943 na 1945, kisha Edinburgh. Mkapa alitoka Makerere. Kikwete na Magufuli walitoka Mlimani. Lakini orodha hiyohiyo inaweza kusomwa kwa upande wa pili. Rais Samia Suluhu Hassan alianza kazi akiwa karani mwaka 1977, na stashahada yake ya juu ya utawala aliipata Mzumbe mwaka 1986, wakati ambapo Mzumbe haijaitwa hata chuo kikuu. Wangari Maathai alipopelekwa Marekani mwaka 1960, katika ule msafara wa wanafunzi uliosimamiwa na Tom Mboya, hakwenda Harvard wala Yale, bali alipelekwa katika chuo kidogo cha masista wa Kibenedikti mjini Atchison, Kansas, mji ambao hata Wamarekani wengi hawaujui. Miaka 44 baadaye alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Abdulrazak Gurnah naye, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Nobel ya Fasihi, alianzia elimu yake ya juu Uingereza katika chuo cha Canterbury kilichokuwa kikijulikana kwa kufundisha walimu. Kila upande ukivuta majina yake, kamba haitasogea.

Kasoro ya hoja hiyo ni kwamba chuo chenye jina huchagua kabla ya kufundisha. Mkulima anayenunua miche iliyokwisha kuota vizuri, mirefu na yenye majani ya kijani, kisha baada ya mavuno akausifia udongo wake, hajatuambia lolote kuhusu udongo. Ili kuujua udongo tungehitaji miche miwili iliyolingana, mmoja upandwe kwake na mwingine upandwe kwa jirani, na katika maisha ya watu jambo hilo halifanyiki kirahisi, kwa sababu mtu hasomi vyuo viwili kwa wakati mmoja ili tuone atatoka vipi.

Tena lazima tukumbuke kwamba jina la chuo lilikuwa na maana nyingine katika zama za kina Nyerere. Makerere, iliyoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, ilibaki kwa miaka mingi mahali ambapo kijana wa Afrika Mashariki angeweza kupata elimu ya juu bila kuvuka bahari. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1961 chini ya mwavuli wa Chuo Kikuu cha London, kilianza na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiotosha kujaza daladala. Mhitimu wa siku zile hakutafuta kazi. Kazi ndiyo iliyomtafuta, kwa sababu serikali ilikuwa inawasubiri mlangoni. Wanafunzi wenyewe walilijua hilo vizuri mno, na ndiyo maana Oktoba 1966 waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, wakiona kwamba wanakatwa haki yao. Mwalimu aliwarudisha makwao kwa mamia na papo hapo akatangaza kwamba mshahara wake mwenyewe unapunguzwa kwa asilimia 20. Kizazi cha wazazi wetu kilirithi picha hiyo ya shahada kama funguo ya nyumba ya serikali, na dada yangu anaposema Mlimani ni Mlimani, nasikia ndani ya sauti yake miaka ile, ingawa yeye mwenyewe hakuiishi. Leo vyuo vikuu ni makumi, na kilicho adimu si shahada tena.

Wamarekani, ambao wana maradhi ya majina ya vyuo kuliko sisi, wamejaribu kuipanda ile miche miwili. Mwaka 2002 wanauchumi Stacy Dale na Alan Krueger walichapisha utafiti ambao mimi huuona kuwa wa busara kwa sababu swali lake ni rahisi sana. Walichukua watu walioanza chuo mwaka 1976, na badala ya kumlinganisha tu aliyesoma chuo kikubwa na aliyesoma kidogo, walilinganisha watu waliokuwa wamekubaliwa na kukataliwa na vyuo vya hadhi ileile, ila mmoja akaamua kwenda kwenye chuo chenye jina na mwenzake, kwa sababu zake, akaenda kwingine. Yaani waliwatafuta watu waliokuwa katika hali ya mpwa wangu. Walipotazama vipato vyao takriban miaka 20 baadaye, hawakukuta tofauti ya maana. Aliyekuwa na uwezo wa kuingia kwenye chuo kikubwa alikwenda na uwezo wake hata huko kwingine, kama mtu anavyohama nyumba na vyombo vyake.

Ndugu yangu aliyeleta habari za tajiri aliyeacha shule angefurahi kusikia hayo na angetaka tuishie hapo. Lakini utafiti uleule ulikuwa na tundu, na kwangu tundu hilo lina thamani kuliko ukuta. Wanafunzi waliotoka katika familia zenye kipato kidogo walifaidika kwa kwenda kwenye chuo kikubwa. Waandishi haohao waliporudia kazi yao miaka ya baadaye kwa takwimu nyingi zaidi, waliona tena kwamba Wamarekani weusi, wale wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na watoto ambao wazazi wao hawakusoma sana, walipata faida ambayo wenzao hawakuipata. Chuo kilekile kilimwongezea mmoja na hakikumwongezea mwenzake. Darasa lilikuwa moja, mhadhiri mmoja, maktaba moja. Basi ni lazima tujiulize ni kitu gani kilichokuwa ndani ya chuo hicho ambacho mtoto wa tajiri alikuwa nacho tayari nyumbani.

Mwaka 2023 Raj Chetty, David Deming na John Friedman waliongeza kipande kingine. Walivitazama vyuo 12, yaani vinane vya kundi la Ivy League lenye jina kubwa, pamoja na Stanford, MIT, Duke na Chicago, na wakawafuatilia waombaji waliowekwa kwenye orodha ya kusubiri, ambao baadhi yao walichukuliwa na wengine wakaachwa kwa sababu zisizotofautiana sana na kurusha shilingi. Wastani wa kipato cha waliochukuliwa haukuzidi kwa kiasi cha kutajwa. Lakini uwezekano wao wa kuingia katika asilimia moja ya watu wenye kipato cha juu kabisa uliongezeka kwa karibu nusu, na uwezekano wa kuajiriwa na kampuni zenye hadhi ya juu ukawa takriban mara tatu. Chini ya nusu ya asilimia moja ya Wamarekani husoma katika vyuo hivyo, lakini zaidi ya asilimia 10 ya wakuu wa kampuni zao 500 kubwa na takriban robo ya maseneta wao wametoka humo. Nikiusoma utafiti huu kando ya ule wa kwanza, naona haupingani nao. Kwa maisha ya kawaida ya mshahara mzuri, nyumba na watoto wanaosoma, jina la chuo halimwongezei kitu mtu mwenye uwezo. Kwa viti vichache vya juu, ambavyo havina mtihani wa kuvigombania na ambavyo watu huingia kwa kutambuliwa na waliokwisha kukaa, jina linafanya kazi kubwa. Na waandishi hao walionyesha pia kwamba, kwa alama zilezile za mtihani, mtoto wa familia iliyo katika asilimia moja ya juu alikuwa na nafasi zaidi ya maradufu ya kusoma katika vyuo hivyo kuliko mtoto wa familia ya kati. Mwenye nacho anaongezewa, na mwenye kuhitaji anabaki kwenye foleni.

Atakayesema kwamba hayo ni ya Wamarekani nitampeleka Kenya. Kule, kabla mtihani wa KCPE haujafanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, alama za mtoto wa darasa la nane ndizo zilizoamua kama ataitwa kwenye shule ya kitaifa, mfano wa Alliance au Mang'u, au atakwenda kwenye shule ya mkoa au ya wilaya. Wanauchumi Adrienne Lucas na Isaac Mbiti, katika makala yao ya mwaka 2014, waliwatazama watoto waliokuwa juu kidogo tu ya mstari na wale waliokuwa chini kidogo tu, ambao kwa haki ni watoto walewale, na wakawasubiri kwenye mtihani wa kidato cha nne. Matokeo yao ya KCSE hayakutengana kwa kiasi ambacho mzazi aliyechinja mbuzi kwa ajili ya barua ya wito angetarajia. Shule zile zinaongoza taifa kwa sababu zinapokea wanaoongoza. Hilo linahusu alama tu, sharti niseme. Hakuna mtihani uliopima ni nani aliyelala kitanda cha jirani na nani.

Nami hapo ndipo nilipopatia kila kitu. Nilimaliza kidato cha nne katika shule ya kata, mojawapo ya zile zilizoota kila mahali katikati ya miaka ya 2000, na nilipofika chuoni sikuwa na kitanda. Wanaojua maisha ya vyuo vyetu wanajua neno kubebana: mwenye chumba humbeba asiye nacho, mnalala wawili kwenye kitanda cha futi mbili na nusu, kichwa cha mmoja kwenye miguu ya mwingine. Mimi nilibebwa na mwanafunzi wa mwaka wa tatu kutoka Kagera ambaye tulikutana kwenye foleni ya usajili na ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kunisaidia isipokuwa kwamba alinionea huruma kwa jinsi nilivyokuwa nimekumbatia begi langu.

Kwa mtu huyo nilijifunza mambo ambayo hayakuwa kwenye mtaala wowote. Nilikuwa sijui kwamba kuna kampuni binafsi za ukaguzi wa hesabu; nilidhani mkaguzi ni mtu wa serikali anayekuja halmashauri na gari na kuwafanya watu watafute mafaili. Nilikuwa sijui kwamba nafasi za mafunzo kwa vitendo huombwa miezi mingi kabla, wakati ambapo wanafunzi wengine wanafikiria mpira. Alinionyesha namna ya kuandika wasifu usiojaza kurasa nne, akanifundisha kwamba kwenye usaili mtu haanzi kueleza umaskini wa kwao, na aliniazima viatu. Miaka minne baadaye, akiwa tayari kazini, alinipigia simu siku moja akaniambia kwamba ofisi fulani itatangaza nafasi wiki ijayo na kwamba nianze kuandaa vyeti. Hakunitafutia kazi wala hakunisemea kwa yeyote. Alinipa wiki moja tu. Lakini wiki moja ile ilikuwa ni mali ambayo kule kijijini kwetu haikuwahi kufika.

Darasani tulikuwa na mwenzetu ambaye baba yake alikuwa mkubwa wa benki. Alikuwa kijana mwema na mwenye akili, na simsemi kwa ubaya. Yeye alifika chuoni akiwa anajua yote ambayo mimi nilijifunza kwenye kitanda cha kubebana, kwa sababu aliyasikia mezani nyumbani tangu akiwa mtoto, kati ya wali na matunda. Angesoma chuo chochote nchini, hata kile cha mpwa wangu, angefika alipofika. Vivyo hivyo Mohammed Dewji alihitimu Georgetown mwaka 1998, na sina shaka kwamba Georgetown ilimfaa, lakini aliporudi alikuta biashara ambayo baba yake alikwisha kuijenga. Ghala lilikuwepo kabla ya shahada. Nilipousoma utafiti wa Dale na Krueger sikuhitaji kuelezwa tundu lile linatoka wapi. Chuo chenye jina ni mahali ambapo mtu asiye na mtu anaweza kupata watu. Kiswahili chetu cha mtaani kimelijua jambo hili zamani, kwa maana mtu akikwambia ameomba kazi mahali, humuulizi kwanza amesoma wapi. Unamuuliza, "Una mtu pale?"

Nimekaa pia upande wa pili wa meza, na ninalolijua kutoka huko halinipendezi. Katika ofisi moja niliyowahi kufanyia kazi tulitangaza nafasi nne na tukapokea wasifu zaidi ya mia tatu. Aliyetuongoza alituambia tuzigawe kwanza kwa vyuo. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Haikuwa chuki, ulikuwa uchovu: watu watatu hawawezi kusoma karatasi mia tatu kwa siku mbili huku kazi za wateja zikisubiri, na jina la chuo ni njia ya mkato ya mtu aliyechoka. Vyuo vinne vilipata rundo lao, na vilivyobaki vyote vikawekwa kwenye rundo moja lililoandikwa kwa kalamu "vingine." Kutoka rundo hilo tulimwita mmoja tu, na tulimwita kwa sababu mwenzetu mmoja alikuwa anamfahamu. Dada yule ndiye aliyemaliza mitihani ya CPA, yaani ile ya bodi ya wahasibu, kabla ya wote tuliowaajiri siku ile. Nimewahi kujiuliza ni wangapi wa namna yake walirudi kwenye kabati pamoja na rundo, kisha huacha kujiuliza, kwa kuwa mkono ulioliweka kabatini ulikuwa wangu.

Hata hivyo ile mitihani ya CPA ndiyo iliyonifanya nimjibu mpwa wangu nilivyomjibu. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu hufanya mitihani yake kila Mei na Novemba, na karatasi ya mtihani haijui mtahiniwa ametoka wapi. Zipo fani ambazo baada ya chuo zina mlango wa pili ambao wote hupita, na mlango huo hulipunguza makali jina la mlango wa kwanza. Mwanasheria, awe ametoka Mlimani au kwenye chuo kilichofunguliwa juzi, ni lazima apite Shule ya Sheria kwa Vitendo kabla ya kuvaa joho la wakili. Wasomaji watakumbuka kelele za mwaka 2022, ilipojulikana kwamba kati ya watahiniwa 633 wa shule hiyo waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu, hata serikali ikaunda kamati ya kuchunguza. Jambo lililonigusa mimi ni kwamba siku ile hakuna jina la chuo lililotosha kumkinga mtu. Daktari naye ana utarajali na mhandisi ana usajili wake. Mhasibu mwenye CPA akiweka cheti hicho juu ya meza, mchambuzi aliyechoka huacha kutafuta jina la chuo, kwa kuwa amepata njia ya mkato iliyo bora zaidi.

Jiografia na masomo ya mazingira haina mlango wa pili wa namna hiyo. Ni elimu nzuri, na nchi yenye mito inayokauka na fukwe zinazoliwa inawahitaji watu wake, lakini mhitimu wake hugombania kazi kwenye miradi na mashirika ambako ajira nyingi huanza kwa mtu kumtaja mtu. Huko ndiko jina la Mlimani lingemsaidia, na huko ndiko ambako angelihitaji kila siku. Kwa uhasibu angelihitaji jina hilo kwa miaka mitatu au minne tu, mpaka apate cheti cha bodi.

Basi asubuhi ile nilimwandikia athibitishe chuo cha mikoani, na nikampigia mama yake simu niyapokee matusi mwenyewe. Nilimweleza dada yangu kwamba kama Mlimani wangempa uhasibu, ningeuza hata pikipiki aende. Nilimweleza pia kwamba jambo ambalo Mlimani ingempa zaidi ya masomo, yaani watu, binti yake anaweza kulianzia kwangu, kwa sababu mimi nilikwisha kulipata mahali pengine na halikuishia kwangu. Mpwa wangu atajua ni lini aombe mafunzo kwa vitendo, atajua wasifu una kurasa ngapi, atajua mitihani ya bodi inaanza kujiandaliwa ukiwa mwaka wa pili. Dada yangu alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza kama nina uhakika. Nilisema sina, na nadhani jibu hilo lilimtuliza kuliko hoja zote.

Jambo ambalo limenisumbua tangu siku ile ni rafiki yake. Walisoma darasa moja, wakapata alama zinazolingana, na wakachaguliwa vilevile: Mlimani kwa Jiografia, chuo kilekile cha mikoani kwa uhasibu. Baba wa binti huyo anaendesha bodaboda, na katika ukoo wao hakuna aliyewahi kuvuka kidato cha nne. Mpwa wangu alimsomea ushauri wangu kwa simu, naye, kwa kuwa uhasibu anaupenda pia, alitaka kuufuata. Nilimwomba mpwa wangu amwambie asubiri. Kwa binti huyu, ile hesabu inageuka. Yeye ndiye hasa mtu wa lile tundu la utafiti, mtu ambaye chuo chenye jina kinaweza kumpa kitu ambacho nyumbani hakipo na ambacho mlango wa pili hautampa, kwa maana ili kuufikia mlango wa pili ni lazima kwanza mtu akuonyeshe ulipo. Nilizungumza naye karibu saa nzima, akiwa pembeni ya barabara yenye kelele, na nikamwambia kwamba kwa nafasi yake ningekwenda Mlimani hata kwa Jiografia, kisha ningetafuta namna ya kuingia kwenye mitihani ya uhasibu kutoka huko, kwa njia ndefu. Alinishukuru kwa adabu. Niliona ugumu wa kuwaambia mabinti wawili wenye alama sawa na ndoto sawa kwamba mmoja afuate anachokipenda na mwingine afuate jina, kwa sababu tu mmoja ana mjomba.

Amethibitisha Mlimani. Mpwa wangu amethibitisha mikoani, na jana jioni aliniandikia tena, safari hii kwa shikamoo moja. Aliniuliza, "Kwa hiyo mjomba, wewe ndiye mtu wangu?" Nilimjibu kwamba siku ofisi yetu itakapomwita kwenye usaili, mimi nitatoka nje ya chumba. Akacheka kwa maandishi, kisha akauliza kama nitatoka kabla ya kugawa marundo au baada.